Valvu tano, soketi moja: ipi uichomeke kwenye amplifaya ya hedifoni?

Amplifaya yangu ya hedifoni ni kidude cha Kichina kisichozidi ukubwa wa pakiti mbili za majani ya chai. Juu yake kuna soketi moja ya matundu tisa, na kwenye soketi hiyo inasimama valvu ya kioo, fupi kama kidole gumba. Jioni nikishafunga banda langu la kutengenezea simu hapa Tabora naiwasha, nasubiri dakika moja ipate moto, ndipo navaa hedifoni. Mke wangu anasema nafuga jini kwenye chupa. Simbishii.

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu naye kanunua amplifaya ya aina hiyohiyo. Akaja bandani na simu mkononi, picha ya valvu tayari iko kwenye kioo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeshaiwasha?"

"Nimeiwasha, inaimba. Lakini watu wanasema valvu iliyokuja nayo ni takataka, nitafute Telefunken ya Kijerumani. Nikusanye hela?"

Nikamwambia avute kigoda. Swali lake linahitaji chai, kwa sababu ninazo valvu tano tofauti zinazoingia kwenye soketi ile, nimekaa nazo zaidi ya mwaka, na ile anayoitaka yeye ndiyo ninayoitumia kwa nadra.

Kwanza soketi, jina baadaye

Soketi zetu zinataka 12AU7. Watengenezaji wa Ulaya waliiita ECC82. Ni kitu kilekile chenye majina mawili. Kwenye jina la Kimarekani ile 12 ni volti za filamenti, yaani waya wa ndani unaopata moto, 12.6 ukitaka kuwa mkweli. Jina la Ulaya linasomeka herufi kwa herufi: E ni filamenti ya volti 6.3, C ni triodi, yaani valvu yenye kathodi, gridi na anodi, C ya pili ni triodi nyingine, na 8 inakuambia kwamba ni ya miguu tisa. Usishangae kuona moja inasema 12 na nyingine 6.3. Filamenti ina vipande viwili: ukivifunga kwa mfululizo vinakula 12.6, ukivifunga sambamba vinakula 6.3. Miguu ya 4, 5 na 9 ndiyo inayoamua.

Kazi yenyewe haina uchawi. Filamenti inaipasha moto kathodi, kathodi inatoa elektroni, elektroni zinakimbilia anodi, na katikati yao kuna gridi inayosimama kama bawabu mlangoni: muziki unaingia kwenye gridi ukiwa mdogo, unatokea kwenye anodi ukiwa mkubwa. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kwanza isiyo na gridi mwaka 1904, Mmarekani Lee de Forest akaongeza gridi mwaka 1906. Hii 12AU7 ni mjukuu wao. Ilitoka RCA ya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaingia kwenye televisheni, redio, vinasa sauti na amplifaya za kila namna. Ndiyo maana zimebaki nyingi hadi leo.

Triodi zilizomo ndani ni mbili. Kwenye amplifaya yetu yenye valvu moja, triodi moja inalisha sikio la kushoto na nyingine la kulia. Likariri hilo, maana ndilo lililonisumbua kuliko yote.

Kuna dada zake wawili, 12AT7 na 12AX7. Miguu imepangwa vilevile, kwa hiyo wataingia. Kuingia si kufaa. 12AU7 inakuza takriban mara 20, 12AT7 mara 60, 12AX7 mara 100. Niliwahi kuweka 12AX7 kwa utundu: sauti ilipanda, mchemko wa "shiii" nao ukapanda, na besi ikakonda. Hatari kubwa zaidi iko kwa valvu za Kirusi za 6N1P na 6N2P ambazo wauzaji wengine wanazitangaza kana kwamba ni ndugu wa familia hii. Filamenti zake zimefungwa kwa miguu ya 4 na 5 peke yake, kwa volti 6.3, na mguu wa 9 una kazi nyingine kabisa. Ukiichomeka kwenye soketi yenye 12.6 umeiunguza.

Rangi juu ya kioo, na kilichochorwa chini yake

Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi redio. Aliniachia kopo la maziwa ya unga lenye valvu zilizoviringishwa kwenye magazeti, nyingine zikiwa zimetoka kwenye redio za wateja ambao hawakurudi tena. Jambo la kwanza alilonifundisha nikiwa mtoto ni kutoifuta valvu kwa kitambaa: maandishi ya zamani, hasa ya Mullard, yanatoka kama unga, na ukishayafuta umebaki na kioo kisicho na jina.

La pili nililijifunza mwenyewe baada ya kuliwa hela. Jina lililopigwa chapa si lazima liwe la kiwanda. Mullard ya Uingereza ilikuwa mali ya Philips tangu mwaka 1927, Amperex ya Marekani nayo ikaingia mikononi mwa Philips, na kampuni hizi zilikuwa zikinunuliana valvu na kupigiana chapa. Unaweza kushika valvu yenye jina la Kimarekani iliyotengenezwa Uholanzi. Kwa familia ya Philips kuna mstari mdogo wa alama kwenye kioo chenyewe, chini karibu na miguu. Herufi ya kwanza ni kiwanda: B ni Blackburn, Uingereza, D ni Hamburg, pembetatu ndogo ni Heerlen, Uholanzi. Inafuata tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha herufi ya mwezi kuanzia A hadi L, kisha wiki. Yangu moja imeandikwa B2F3: Blackburn, mwaka unaoishia na 2, mwezi Juni, wiki ya tatu. Je, ni 1962 au 1972? Hapo unaangalia umbo la bamba, yaani ile anodi, na rangi ya chapa, na mara nyingine unakubali kutojua.

Telefunken za kweli zina alama ya almasi iliyobonyezwa kwenye kioo cha kitako, katikati ya miguu. Haikuchorwa kwa rangi. Ukipitisha ukucha unaihisi. Muuzaji akikuonyesha picha za ubavuni tu, mwombe ya kitako. Akisitasita, ahirisha biashara.

Na kwa valvu yoyote, tazama doa la fedha lililo ndani ya kioo, mara nyingi kileleni. Ni bariamu, iliyowekwa kunyonya hewa iliyobaki. Likiwa linang'aa kama kioo cha kujitazamia au limepiga rangi ya kahawia kidogo, sawa. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia. Hiyo ni ya kuwekea mapambo.

Nilivyozipima

Valvu inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi huonekana nzuri zaidi kwa kila msikilizaji, hata kama ni mbovu. Kwa hiyo kila nikibadilisha valvu nacheza mlio mmoja wa hezi 200 kutoka kwenye simu, naweka mita kwenye tundu la hedifoni, nazungusha kitufe hadi volti zilingane na za valvu iliyotangulia. Mita ya bei nafuu haisomi vizuri milio ya juu, lakini kwenye 200 haina shida. Halafu mpwa wangu anabadilisha mimi nikiwa nimegeuka ukutani, na amplifaya imefunikwa kapu ili nisione mwanga.

Muziki wangu wa kupimia ni dansi la zamani. Rekodi za enzi za Radio Tanzania, na hasa za Tabora Jazz, zina kila kitu ninachokitaka: gitaa la solo linalocheka juu, la ridhimu katikati, besi, tumba, saksofoni na waimbaji wawili au watatu waliosimama karibu na maikrofoni moja. Rekodi hizo hazikusafishwa kama za leo. Valvu mbaya inazifanya ziwe uji.

Matokeo ya mtihani wa kugeukia ukuta nitayataja mapema ili usije ukadhani nina masikio ya popo. Mullard na GE ya Marekani nilizitofautisha karibu kila mara. RCA na Telefunken nilibahatisha. Amplifaya zetu zinafanya kazi kwa volti 24 tu, wakati 12AU7 iliundwa kufanya kazi kwa volti 100 hadi 250, kwa hiyo valvu inatembea mwendo wa kobe. Tofauti za tabia zipo, lakini ni ndogo kuliko wapenzi wa valvu wanavyozihubiri. Tofauti kubwa ni za ugonjwa: mvumo, mlio wa kengele, na sikio moja kuzidi jingine.

Mullard ECC82 na RCA 12AU7A

Hizi mbili ndizo nilizozihangaikia zaidi, kwa sababu ukiondoa bei na sifa, uchaguzi wa kweli wa mtu anayependa dansi uko hapa.

Mullard yangu ilitoka kwenye amplifaya ya zamani ya ukumbini ambayo mjomba aliivunja kwa ajili ya transfoma. Siku ya kwanza niliyoiwasha ilitoa mwanga mkali chini ya kioo, kama kiberiti kinachowaka, kisha ukafifia. Nilichomoa waya nikidhani imekufa. Haikuwa imekufa, baadhi ya Mullard na ndugu zake wa Philips zinafanya hivyo, kipande cha filamenti kilicho wazi kinapata moto kabla ya wenzake. Ukiona hivyo usikimbie.

Sauti yake ni ya katikati. Waimbaji wanakuja mbele, wana vifua. Saksofoni inapata unyevu fulani, kama imepigwa kwenye chumba chenye mapazia. Gitaa la solo linapoteza makali kidogo, na hilo kwa rekodi zetu za zamani ni rehema, maana nyingi zina sauti za juu zinazokwaruza. Kosa lake ni besi. Inajaa, lakini mipaka yake haionekani. Tumba na besi vikipiga pamoja vinashikana mikono.

RCA ni ile wanayoiita ya kilele wazi, kwa sababu doa lake la fedha liko ubavuni na juu ni kioo kitupu, unauona mfumo wote wa ndani. Hii niliagiza, ikaletwa Dar es Salaam na jamaa, ikapanda basi hadi hapa ndani ya soksi ya sufu iliyotiwa kwenye bati la biskuti. Ilifika salama. Valvu inapigika kuliko watu wanavyodhani, ilitengenezwa kubebwa.

Kwenye RCA kila chombo kina kiti chake. Besi inaanza na kuishia. Gitaa la ridhimu, ambalo kwenye Mullard unalihisi tu, hapa unaweza kulifuata wimbo mzima na kujua mpigaji alipokosea. Sauti ya mwimbaji imerudi nyuma hatua moja, ikawa nyembamba kidogo, ila maneno yanasikika vizuri zaidi. Nikisikiliza kisomo cha Kurani au tamthilia ya redio, naweka RCA bila kufikiri. Nikisikiliza dansi usiku nimechoka, mkono unakwenda kwa Mullard.

Ingekuwa hivyo tu ningesema chagua kwa moyo. Lakini Mullard yangu ina kasoro ya uzee. Mwimbaji alikuwa amesogea kushoto. Nilidhani ni sikio langu. Nikageuza hedifoni, ya kushoto nikaivaa kulia: mwimbaji akahamia kulia, kwa hiyo si sikio. Nikabadilisha waya wa kutoka kwenye simu, kushoto kulia: hakuhama, kwa hiyo si simu. Nikaweka RCA: akarudi katikati. Triodi moja ya ile Mullard ilikuwa imechoka kuliko mwenzake. Huko ukumbini nusu moja ilikuwa na kazi ngumu zaidi. Kwenye amplifaya ya valvu mbili, moja kwa kila sikio, ungetafuta valvu inayolingana nayo. Kwenye yetu huna la kufanya. Ukinunua Mullard iliyotumika, muulize muuzaji kipimo cha nusu zote mbili, sio namba moja. Asiyekuwa na vipimo viwili hajakupimia amplifaya yako.

Kabla hujailaumu valvu, lakini, jaribu kitufe cha sauti. Vile vya bei nafuu havilingani pande mbili vikiwa chini kabisa. Ongeza sauti kidogo. Mwimbaji akirudi katikati, valvu haina kosa.

5814A ya GE, askari wa zamu

5814A ni 12AU7 ya kijeshi na ya viwandani. Kwenye kioo chake utaona JAN, yaani jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani kwa pamoja. Filamenti yake inakula miliampia 175 badala ya 150 za 12AU7 ya kawaida, kwa volti 12.6. Amplifaya zetu zinamudu nyongeza hiyo; yangu niliigusa kidhibiti volti baada ya saa mbili, kilikuwa cha moto uleule.

Sauti yake ni kavu. Sisemi kwa dharau. Ni kavu kama barabara ya Tabora mwezi wa Septemba: unaona mbali, vumbi halijatimka, lakini hakuna kivuli. Besi imekaza, sauti za juu ziko wazi, katikati hakuna utamu wowote wa ziada. Rekodi ikiwa nzuri utafurahi, ikiwa mbaya itakuumbua.

Sifa yake kubwa ni ukimya. Iguse kwa ncha ya penseli ukiwa umevaa hedifoni: "tok", basi. Hakuna mwangwi, hakuna kengele. Triodi zake mbili zililingana, na ya pili niliyonunua ikafanana na ya kwanza kama mapacha. Bei iko chini kwa sababu zilitengenezwa nyingi, zikabaki kwenye maghala, na hazina jina la kuringia.

Kama hedifoni zako ni zile ndogo za kuziba sikio, za ohmu 16 au 32, zinazosikia hata chungu akitembea, soma aya hii mara mbili. Hizo zinafichua kila mvumo. Mwenye hedifoni kubwa za ohmu 300 kama Sennheiser HD 600 anaweza kuvumilia valvu yenye mchemko kidogo kwa sababu hedifoni zenyewe hazitausikia. Wewe wa ohmu 16 huwezi.

Telefunken na yule anayefanana naye

Telefunken ninayo moja, ya kwenye kopo, almasi ipo. Mjomba alisema ilitoka kwenye redio-gramu ya wamisionari. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1903, Mjerumani akiwa bado anatawala hapa na reli haijafika Tabora. Treni ilitufikia mwaka 1912. Mara nyingine naishika tu niitazame. Mabamba yake ni laini, hayana mbavu kama za Mullard, na kazi ya mikono yake ni safi kuliko zote nilizonazo.

Ina sauti iliyonyooka. Haina joto la Mullard wala ukavu wa GE, iko karibu sana na RCA, pengine na hewa kidogo zaidi kule juu ambako matoazi ya ngoma yanapumulia. Nimesema pengine, kwa sababu nikigeukia ukuta hewa hiyo inapotea. Kwa bei yake utanunua RCA na GE na bado utabaki na chenji. Mpwa wangu aliposikia hivyo alikunja uso, maana picha ile ya kwenye simu aliipenda. Nikamkumbusha kwamba jina hili ndilo linaloghushiwa kuliko yote.

Ei ya Yugoslavia, kutoka mji wa Niš, inaingia hapa kwa sababu nayo ina mabamba laini, na wapo wanaoipiga chapa ya Telefunken na kuiuza kwa wasiotazama kitako. Ikiwa na jina lake yenyewe na bei yake halali, si valvu mbaya. Sauti imechangamka, ya juu ina nguvu. Yangu lakini inalia. Ukiweka kikombe mezani, hedifoni zinasema "ting". Lori likipita barabarani nalisikia mara mbili, kwa dirisha na kwa valvu. Nilijaribu kuweka vipande vya tairi la baiskeli chini ya amplifaya, ikapungua, haikuisha. Wengine wamepata Ei tulivu. Mimi sikupata.

Valvu mpya kutoka kiwandani, kwa mfano ECC82 ya JJ ya Slovakia, ni chaguo la heshima kwa asiyetaka bahati nasibu: ina dhamana, mpya, nusu zake zimepimwa. Sauti yake nzito kidogo. Kama huna hamu ya historia, chukua hiyo ulale. Na ile iliyokuja na amplifaya usiitupe. Yangu nimeitunza kama ya kupimia. Nikihisi amplifaya inaumwa naiweka hiyo kwanza. Nilipoichomoa siku ya kwanza niligundua kwamba ule mwanga wa chungwa niliousifia kwa wageni ulikuwa taa ya LED iliyobandikwa chini ya soketi. Valvu yenyewe mwanga wake ni mdogo, kama kaa la mwisho jikoni.

Umeme na joto

Watu hudhani valvu haitaweza joto letu la Oktoba. Valvu haijali, kazi yake ni moto. Kinachoteseka ni transista za kutolea nguvu zilizo chini yake, zile zenye mapezi ya alumini. Usiweke amplifaya ndani ya kabati, usiifunike kitambaa cha kufuma hata kama mama mkwe ndiye aliyekifuma.

Umeme ukipanda na kushuka, adapta ya volti 24 inamudu, kwa sababu inajirekebisha yenyewe. Amplifaya kubwa za valvu tupu zenye transfoma ni habari nyingine. Hizo zinahitaji stebilaiza. Kinachoiumiza valvu yetu ni kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara, kwa hiyo umeme ukianza kucheza mimi nachomoa na kungoja utulie. Mvua zikianza Novemba, radi za Tabora hazibembelezi: chomoa kabla hujaambiwa.

Kubadilisha: zima, ngoja ipoe, vuta wima huku ukiichezesha kidogo sana. Miguu ikiwa myeusi, isugue kwa kitambaa chenye spiriti. Mguu uliopinda unyooshwe taratibu, maana kioo kinaanza kupasuka pale unapoingia.

Basi achukue ipi?

Nilimuuliza mpwa wangu maswali matatu. Anasikiliza nini? Bongo Fleva na kwaya, na mechi za mpira kwa redio. Hedifoni zake? Ndogo, za ohmu 32. Chumba? Kimoja, mezani, na meza hiyohiyo mdogo wake anapigia pasi nguo.

Meza ya pasi ilimaliza ubishi. Ei ilitoka, Mullard iliyotumika ikatoka. Zikabaki 5814A na RCA. Kwa masikio yake RCA ni nzuri zaidi, nilimwekea zote mbili na aliichagua mwenyewe akiwa amegeuka. Kwa mfuko wake 5814A mbili ni bei ya RCA moja aliyoiona, na ya pili inakaa kabatini ikisubiri. Angekuwa na hedifoni za ohmu 300 na chumba cha peke yake, na moyo wake uko kwenye dansi kama wangu, ningemwambia atafute Mullard ya Blackburn yenye vipimo vya nusu zote mbili, hata kama itamchukua miezi sita.

Aliagiza 5814A mbili. Alipokuwa anaondoka aliniomba aiazime ile Telefunken kwa usiku mmoja tu, akaionje. Nilimpa Mullard yenye sikio moja.

"Mjomba, hii si umesema mbovu?"

"Imechoka upande mmoja. Kaa kidogo kulia kwa kitanda."